Nilivyojifunza D&D geto Sinza, na kitabu kilivyonisaidia

Jumamosi ya kwanza tulikaa watu wanne geto kwangu Sinza kuanzia saa nane mchana, na mpaka saa kumi na mbili jioni hakuna aliyekua ameanza kucheza. Tulikua tunajaza karatasi tu, masaa manne ya kuandika namba. Fundi simu wa mtaani kwetu akaniuliza "kaka, gemu lenyewe linaanza saa ngapi?" na mi sikua na jibu maana kitabu nilichokua nafuata bado kilikua kinatuambia tuchague silaha na vifaa.

Kwa asiyelijua, D&D yaani Dungeons & Dragons ni gemu la mezani la kusimulia. Mmoja anakua msimulizi, anawaeleza mko wapi na kuna nini mbele yenu, wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anachofanya, na pale ambapo haijulikani kama kitu kitafanikiwa au la ndo mnarusha dadu. Lilitoka Marekani mwaka 1974, walilitunga Gary Gygax na Dave Arneson. Mi nililijulia YouTube, nikawaangalia watu wanavyocheka na kulia mezani nikasema na sisi lazima tulicheze.

Nikadownload zile sheria za bure za toleo la tano, PDF ya zaidi ya kurasa mia, nikawa naisoma kwenye mwendokasi kila siku napandia Shekilango naenda kazini, karibu mwezi mzima, kiingereza chenyewe kina maneno ambayo hata shuleni hukuyasikia lakini nilikomaa. Nikadhani nikishaimaliza ntakua najua kucheza. Aisee, nilikua najua majina ya vitu tu. Kitabu kinaanza na kutengeneza mhusika hatua kwa hatua, habari za kupigana unazikuta sura ya tisa, kwahiyo unaandika namba sita za uwezo wake, sijui nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto, kabla hujaona hata moja inatumikaje. Ni kama kumfundisha mtu bao kwa kumuhesabishia kete zote kabla hajaona mtu akicheza mkono mmoja.

Jumamosi ya pili nikaamua tuanze hivohivo. Dadu ya pande 20 nilishaizunguka Kariakoo nikaikosa, zipo za ludo tu, kwahiyo tulikata vikaratasi 20 tukaandika namba tukatia kwenye kopo la Blue Band, unachomoa, unasoma, unarudisha. Inafanya kazi vizuri kabisa ila lazima URUDISHE, tulicheza kama saa nzima mdogo wangu akagundua ishirini haitoki kabisa, kuinua mkeka tukakuta vikaratasi vitatu vimelala pale na kimojawapo ndo hiyo ishirini.

Siku hiyohiyo yule mdogo wangu alikua anashinda kila kitu. Akichomoa anafika hadi thelathini na kitu. Kumbe mhusika wake ana Nguvu 16 na yeye alikua anajumlisha hiyo 16 nzima, wakati sheria inasema mwenye 16 anaongeza 3 tu, mwenye 10 haongezi kitu, ile namba kubwa yenyewe karibu huitumii. Kitabu kimelisema hilo, kina hadi jedwali lake, mi mwenyewe nililisoma na likanipita kwasababu nilipokua nalisoma sikua na sababu ya kulijali. Hapo ndo nilianza kushtuka kwamba shida haikua kutokusoma, nilisoma sana, ila nilisoma majibu ya maswali ambayo sijawahi kujiuliza.

Baadae shemeji yangu akarudi kutoka Uingereza akaniletea lile boksi la wanaoanza la mwaka 2014. Mle ndani kuna kitabu cha sheria cha kurasa 32 tu, kitabu cha hadithi kurasa 64, dadu sita na wahusika watano walioshatengenezwa tayari, kila mmoja na karatasi yake. Ile ya wahusika tayari ndo ilituokoa jamani. Nikawagawia kila mtu karatasi, ndani ya dakika kumi tupo ndani ya hadithi. Hadithi yao inaanza na mnasindikiza mkokoteni wa mizigo halafu mnavamiwa njiani na goblini, mi nikaupeleka barabara ya Bagamoyo na goblini nikawaita vibwengo. Basi hakuna aliyeuliza goblini ni nini, kibwengo kila mtu anamjua toka utotoni! Kibwengo ana kinga 15 na uhai 7, maana yake ukirusha dadu ukajumlisha na unachoongeza ukafika 15 umempata, na ukimtoa uhai zote saba amekufa. Hiyo ndo sheria ya kupigana karibu yote na walikua wameielewa kabla kibwengo wa pili hajaanguka.

Nilikuja kusoma kwamba tatizo langu ni la zamani sana. Vile vijitabu vitatu vya 1974 vilimchukulia msomaji kama mtu ambaye tayari anacheza magemu ya vita ya mezani, mgeni akinunua anaweza asijue aanzie wapi. Mwaka 1977 ndo likatoka boksi la kwanza la wanaoanza, aliyekiandika upya kitabu chake ni J. Eric Holmes ambaye kazi yake alikua daktari wa mishipa ya fahamu, na 1983 Frank Mentzer akaandika kingine ambacho kinakuchezesha kwanza hadithi fupi peke yako, unapigana na unajifunza humohumo unaposoma. Mi kwa maoni yangu hiyo ya 1983 ndo njia sahihi, na hata leo mtu akiniuliza kitabu kipi kinafaa nachungulia kurasa za mwanzo, kama kinamwambia mgeni acheze kabla ya kurasa ya kumi basi namshauri akichukue.

Ila kuna kitu sikukipata kwenye vitabu vyangu vyote viwili, ile PDF na kile cha kwenye boksi, ni pale watu wanapokaa kimya. Umeshaeleza pango lilivyo, umeuliza "mnafanya nini?", wanne wanakuangalia. Kuna mama ana genge hapo nje kwetu, siku moja mvua imemkimbiza akaingia ndani akakaa anasikiliza, mi nikamwambia mama karibu, chukua hii karatasi moja imebaki. Vibwengo wawili wamekaa mlangoni mwa pango, wenzake wote wanataka kupiga. Yeye akasema "mwanangu, hao wana njaa tu, mi naenda kuongea nao niwape chakula watupishe." Kimya. Nikafungua kitabu, na safari hii nilijua natafuta nini, kile kijedwali kidogo kinachosema 10 ni rahisi, 15 ni wastani, 20 ni ngumu. Nikamwambia mama rusha, jumlisha na unachoongeza cha mvuto wako, fikisha 15. Akapata 17. Geto zima lilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Toka siku hiyo hakuna aliyekaa kimya tena maana walishaona kwamba unaweza ukasema chochote na kuna namna ya kukipima.

Usiku ule nikaandika ukurasa mmoja kwa kiswahili: unarusha nini, unajumlisha nini, kijedwali cha ugumu, kinga na uhai, basi. Nikaprinti nakala sita hapo steshenari. Ile PDF kubwa sijaitupa, nikitaka kujua uchawi fulani unafika umbali gani naifungua natafuta ninachotaka nafunga, na siku hizi naiona ni kitabu kizuri sana kwa kazi hiyo.

Sasa mdogo wangu anataka kuwasimulia wenzake hosteli na ameondoka na boksi. Akaniomba na ule ukurasa, nikamprintia mpya, nimebadilisha sehemu moja tu, pale kwenye Nguvu 16 nimeandika kwa herufi kubwa UNAONGEZA 3.