Wa Kwanza Kujua, wa Mwisho Kuambiwa

Jumapili, usiku

Barua pepe ya bosi mkuu iliingia Ijumaa jioni, saa ambayo watu wengi wameshafunga kompyuta na wako njiani kurudi nyumbani. Nadhani saa hiyo huchaguliwa makusudi. Imetuita familia, imelaumu soko, imetuahidi kwamba kampuni itajipanga upya. Kisima chenyewe tulichochimba kutafuta mafuta hakikutajwa hata mara moja, na kisima ndicho kilichotufikisha hapa.

Mimi pia sitakitaja kwa jina, wala kampuni, kwa sababu bado nala mshahara wao mpaka mkataba uishe. Ila niseme hivi: kazini kwetu sijamwona mtu aliyekasirika kwa sababu kisima kilitoka kikavu. Watu wa nje hudhani hilo ndilo linalotuuma. Mtu anayesomea miamba hufunzwa mapema kwamba katika bonde la miamba ambalo bado halijachimbwa, visima vinavyotoka bure ni vingi kuliko vinavyofaulu. Lazima uwepo mwamba uliopika mafuta, uwepo mwingine wenye vitundu wa kuyahifadhi, juu yake uwepo mfuniko wa kuyazuia yasipande yakapotea, na vyote hivyo viwe vimewahiana. Kimoja kikikosekana, umechimba shimo la mamilioni ya dola. Hilo tulilijua tulipotia saini.

Linalotuuma ni kwamba sisi ndio wa kwanza kujua na wa mwisho kuambiwa.

Kazi yangu ni kukaa ndani ya kontena kando ya mtambo, kusoma chenga za mwamba zinazopandishwa na tope la kuchimbia. Kila baada ya mita kadhaa kijana wa sampuli huzichota kwenye chekeche linalotikisika, huziosha, kisha huniletea kwenye kisahani zikiwa bado na uvuguvugu. Nazitazama kwa hadubini, halafu naziingiza kwenye kisanduku cheusi chenye taa ya urujuanimno. Mwamba mtupu hubaki na weusi wake. Wenye mafuta hung'aa manjano, mara nyingine rangi ya dhahabu, na ukidondosha tone la dawa ya kuyeyushia, mafuta hutoka kwenye chembe na kusambaa taratibu kama maziwa ndani ya chai. Mara ya kwanza kuona kitu hicho nilimwita kila mtu aliyekuwa karibu, hata mpishi.

Kwenye kisima hiki niliuona mng'ao. Ulikuwa hafifu, wa madoadoa, na mchanga wenyewe ulikuwa umegandamana kwa chokaa kiasi cha kutoacha nafasi yoyote. Mafuta yaliwahi kupita hapo, hayakukaa. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti ya asubuhi. Baada ya muda nikaona tangazo kwa wanahisa: madoa yangu yamekuwa "ushahidi wa mfumo wa petroli unaofanya kazi." Ukipima neno moja moja, hakuna uongo. Mfumo unafanya kazi, ila mafuta hayamo. Hisa zikapanda kidogo, nasi tukaamriwa tuongeze kina. Kufikia hapo chenga zilikuwa zimeshageuka mika na vipande vya rangi ya waridi, maana yake keekee imefika kwenye mwamba wa msingi, sakafu ya bonde, chini ya miamba inayoweza kuwa na mafuta. Kila mtu kwenye kontena aliliona hilo. Tukaendelea kuchimba sakafu.

Muda wote huo tulikatazwa kusema lolote, hata kwa watu wa nyumbani. Hilo silalamikii, kampuni ikiwa kwenye soko la hisa lazima iwe hivyo. Mama alikuwa akinipigia kutoka Kwale: "Mwanangu, hayo mafuta mumeyapata?" Namjibu, "Tuombee dua tu, mama." Anacheka. "Basi hamkupata."

Mama yangu alijua kabla ya wanahisa.

Sijui kwa nini nilitegemea mambo yawe tofauti, maana kazi hii niliianzia Turkana, kaskazini mwa Kenya, nikiwa kibarua wa mkandarasi mdogo, na kule nilijionea jinsi habari njema zinavyokimbia na habari mbaya zinavyochechemea. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Kibaki alilitangazia taifa kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima cha Ngamia-1 huko huko Turkana. Wachache walikumbuka kwamba Shell ilishachimba kisima cha Loperot-1 katika bonde hilo hilo la Lokichar mwaka 1992, ikaona dalili za mafuta yenye nta, ikaondoka. Miaka ishirini baadaye kampuni za Tullow na Africa Oil wakachimba kwenye ukingo wa magharibi wa bonde, na mafuta yakawepo. Vikafuata visima vya Twiga, Etuko, Ekales, Amosing. Walipotoka nje ya eneo hilo, bahati ikapungua: Engomo kavu, na Cheptuket, kwenye Bonde la Kerio, ikatoa dalili tu. Sijawahi kumsikia mchimbaji akimlaumu mtu kwa Engomo.

Ila mafuta ya Lokichar yana nta nyingi. Hugandana yakipoa, kwa hiyo bomba la kuyapeleka pwani, Lamu, zaidi ya kilomita 800, lazima lipashwe moto njia nzima. Bei ya pipa ilikuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014. Januari 2016 ilikuwa imeshuka chini ya 30. Mwaka huo huo Uganda, tuliyedhani tungegawana naye bomba, ikachagua kupitia Tanga, Tanzania. Mtu yeyote wa fani hii aliweza kuketi na kalamu akaona kwamba hesabu zimebadilika. Kwa mwananchi bado ilikuwa nderemo. Malori yakaanza kubeba mafuta kwenda Mombasa mwaka 2018, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikauzwa, mapipa 200,000 kwa dola milioni 12. Ilikuwa majaribio, na serikali yenyewe ilisema hivyo, lakini vigelegele havikuwa vya majaribio.

Desemba 9 ya mwaka huo mkurugenzi mkuu wa Tullow, Paul McDade, na mkuu wa utafutaji, Angus McCoss, wakajiuzulu siku moja. Kampuni ilikuwa imepunguza makadirio yake ya uzalishaji na kusimamisha gawio, na kabla ya hapo, mwezi Novemba, ikabidi ieleze kwamba mafuta ya visima vyake vya Jethro na Joe kule Guyana, yaliyokwisha kushangiliwa, ni mazito na yana salfa nyingi. Hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 ndani ya siku hiyo. Nasema bila kejeli: angalau viti viliachwa. Kwetu sisi, waliochagua mahali pa kuchimba na walioamuru tuchimbe sakafu bado wapo, na wameunda kamati ya kuangalia gharama. Walioanza kuondoka ni vijana wa sampuli, wapishi na madereva. Yule kijana aliyekuwa akiniletea visahani alikuwa ameshafika mahali pa kuutambua mwamba kwa vidole kabla sijauweka chini ya hadubini. Aliambiwa asubuhi, akapanda basi mchana.

Na kama mimi mwenye hadubini huambiwa mwisho, mfugaji wa Lokichar huambiwa lini? Oktoba 2013 wakazi waliandamana wakidai kazi, shughuli za Tullow zikasimama kwa muda. Wengi mjini waliwaona wakorofi. Mimi naona walikuwa wameisoma hali vizuri kuliko wachambuzi wa Nairobi, kwamba kitu pekee cha uhakika katika utafutaji ni ujira wa siku za kuchimba. Mwaka 2023 washirika wa Tullow, Total na Africa Oil, walijiondoa, na 2025 Tullow ikaiuzia kampuni ya Gulf Energy mali zake za Kenya kwa dola milioni 120 au zaidi. Huenda hawa wakayatoa kweli. Nawatakia heri, na nawaombea wale wa Lokichar wapate habari kabla ya magazeti.

Mkutano wetu na bosi ni Jumanne, kwa skrini, na maswali yametakiwa yatumwe mapema ili "yapangwe." Nimetuma la kwangu: nani aliamuru tuendelee baada ya ripoti ya mwamba wa msingi, na siku hiyo shimo lilikuwa limegharimu kiasi gani? Mwenzangu wa zamu ya usiku amenipigia: "Bwana wee, hilo halitasomwa." Najua. Nimeliweka pia kwenye kundi la wafanyakazi, na kufikia saa hii watu wengine wameshalituma kwa majina yao. Kesho naandika barua ya kuomba kazi Olkaria. Huko wanachimba kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, na wasomaji wa chenga wanahitajika.