Sura ya 14 imekubali: maji, adhana na Ruweida juu ya mwamba

Wiki sita nimekaa na sura moja ya riwaya yangu, sura ya 14, na juzi Jumamosi ndio imekubali. Naandika haya chai haijapoa manake nikilala nitasahau vile ilivyokuja.

Stori mnaijua. Zamzam, kidato cha pili, Ruweida na wenzake wanamvua mtandio darasani wanamrekodi akilia, video inazunguka shule nzima mpaka kwao Majengo. Mwaka unapita, halafu kila aliyekuwa mle darasani anaanza kutumiwa picha: mtandio wa kijani umeanikwa mahali anapopita yeye kila siku, kwenye ngazi za nyumba yao, steji ya matatu, dirisha la madrasa. Sura ya 14 ni zamu ya Ruweida. Anaambiwa simu yenye video yenyewe iko juu ya mwamba fulani upande wa Likoni, hapa Mombasa, aende peke yake akaichukue, na akiwa pale maji yanajaa nyuma yake.

Nilikuwa nimeiandika usiku. Mwezi mpevu ili auone mtandio kwa mbali, saa tatu usiku, maji yanapanda, giza, upepo, yaani kila kitu. Nikaridhika nayo kabisa mpaka nikamsomea ami yangu ambaye ni mvuvi tangu sijazaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, mwezi kumi na tano saa tatu za usiku maji yapwa, hayajai. Huyu mtoto wako atarudi kwao kwa miguu."

Wallahi nilikosa la kusema. Nimezaliwa hapa, bahari naiona kila siku, na hilo sikuliwaza. Huku kwetu siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kama saa nne, nne na nusu, asubuhi na usiku, na hujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri. Kwa hiyo mbalamwezi na maji kujaa nilivyovitaka pamoja mapema usiku haviji pamoja. Nikajaribu kuhamisha mwezi, nikaweka nusu mwezi, hapo saa nne usiku maji yamejaa kweli lakini ni maji mafu, hayana nguvu, hayapandi kiasi cha kumfungia mtu juu ya mwamba. Nikasema basi iwe saa saba usiku, bamvua, maji yanapanda vizuri. Lakini msichana wa miaka kumi na sita anatokaje kwao saa saba usiku avuke feri mamake asijue? Nikaanza kumtungia mama safari, kumtungia nyanya ugonjwa, kaka mlevi, kila uongo mmoja ukataka mwingine, sura ikafika kurasa 31 na haina pumzi. Nikaifuta yote. Mara mbili.

Kilichonifungua ni jedwali la saa za maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini, nililiprinti nikalibandika ukutani juu ya meza, na hapa niseme kitu kuhusu vifaa. Nimejaribu Scrivener, programu ya kuandikia vitabu, ni nzuri kwa mwenye subira, mimi ilinimalizia wiki nzima napanga vikadi badala ya kuandika. Google Docs inatosha, ila ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inachosha macho, izime tu. Kitu ambacho siwezi kuishi bila ni kujirekodi nikisoma kwa sauti kisha nisikilize kwenye matatu. Mazungumzo ya uongo yanajulikana hapo hapo, sikio halidanganywi.

Sasa jedwali. Nilikuwa naangalia safu ya usiku tu kila siku, usiku tu, na juzi nikaangalia ya mchana. Bamvua, maji yamepwa saa nne na nusu asubuhi, yatajaa saa kumi na nusu jioni. Na maji hayapandi sawasawa, saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndio yanakimbia. Hesabu hapo: saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu. Yaani yanaanza kukimbia adhuhuri.

Nikatoka. Nikavuka na feri, wa miguu hatulipi, nikaenda mpaka kwenye mwamba wenyewe. Ule mfereji wa nyuma, kati ya mwamba na ufuo, nilipouvuka saa sita na robo maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, ya vuguvugu, vijisamaki vinapita. Nikaacha kandambili moja pembeni ya mwamba kama alama. Adhana ikatoka. Maji yakaigusa kandambili, yakarudi, yakaigusa tena, mara ikageuka yenyewe ikaanza kuelea. Saa saba kasorobo narudi ng'ambo, yamefika magotini. Saa saba na robo kijana mmoja mrefu akapita pale pale na mshipi wake wa kuvulia, yalikuwa kiunoni, na Ruweida si mrefu, na amevaa buibui, na haogelei.

Basi ni mchana! Jumapili mchana, jua kali, watoto wanacheza mpira, watu wanakula mihogo na achari ufukweni. Anaingia na adhana ya adhuhuri, na ikitoka ya alasiri msomaji atajua kilichobaki bila mimi kuandika saa hata moja. Halafu Ruweida anapunga mkono kuomba msaada na watu wa ufukweni wanampungia. Wanadhani anasalimia.

Nilipoandika hiyo sentensi ilibidi nisimame kidogo. Kwa sababu Zamzam pia walimfanyia mchana, mbele ya darasa zima, watu thelathini na kitu wakiangalia. Mimi shuleni sikuwahi kumpiga mtu wala kumrekodi mtu, lakini kuna msichana alimwagiwa maji ya kudekia na mimi nilikuwa dawati la pili, nilicheka. Nakumbuka sauti yangu. Nimeandika sura 13 kuhusu aliyefanya na aliyefanyiwa, na yule wa dawati la pili sijampa hata jina.

Kwa hiyo mpango wa mwezi huu wa kurekebisha sura ya 5 na kupunguza ya 9 nimeuweka kando. Kuna Husna, alikuwa na mistari minne tu kwenye kitabu kizima. Nataka awe ufukweni siku hiyo na mdogo wake, anatafuna muhogo, anamuona mtu juu ya mwamba anapunga mkono. Na nataka amjue ni nani. Sijui bado atafanya nini, nimeandika kurasa tatu kwa sauti yake na kila mara namkatiza mkono ukiwa hewani.

Kesho navuka tena maji yakipwa. Nataka nikae pale atakapokaa yeye, nione kutoka pale uso wa mtu aliye juu ya mwamba unaonekana au hauonekani.