Mjusi asubiri kwanza: siku yangu na darasa la sita, Lindi

Saa 11 alfajiri. Nakoroga uji wa muhogo, mzito, usio na sukari. Ukipoa ni gundi safi, na gundi ya dukani kwa darasa zima haishikiki bei.

Saa 1:30. Shikamoo zinamiminika getini, kila mtoto na magazeti makuukuu au kipande cha mwanzi.

Saa 2:40, Historia. Wote wanataka kutengeneza mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbuliwa kilima cha Tendaguru, huku kwetu Lindi. Nawaelewa. Yule aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13. Tumenyoosha kamba ya urefu huo uwanjani, ikaanzia mlango wa ofisi na kuupita mlingoti wa bendera. Lakini leo nataka mzigo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua Tendaguru zaidi ya tani 200 za mifupa, na hapakuwa na reli wala gari: ilifika bandari yetu hii vichwani mwa watu, mwendo wa siku nne hivi. Sifa za mjusi zimejaa kila mahali. Wapagazi hawasemwi.

Saa 4, chai na mihogo.

Saa 4:30, mikono kazini. Magazeti yanachovywa, yanazungushiwa chupa tupu, mfupa unapatikana. Kisha unapakwa udongo na kubanwa kwa fito za mianzi zilizopasuliwa, ukafungwa kwa kamba ya makumbi. Kila mzigo unaandikwa namba na mwaka kwa makaa. Wavulana wawili nusura wapigane, kila mmoja anataka kuwa Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji wenyeji.

Tukaongeza mchanga, kilo tano tu, tukasokota ngata, tukazunguka uwanja juani. Mzunguko wa tatu binti mmoja akatua mzigo: “Mwalimu, kwa nini hawakukataa?”

Hapo ndipo somo lilipoanza. Walikataa, nikamwambia. Mwaka 1905 Wamatumbi, huku huku upande wa Kilwa, waling'oa pamba ya Wajerumani, vita vya Majimaji vikawaka. Majeshi yakachoma vijiji na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Na kodi ya nyumba ilikuwa ikidaiwa tangu 1898. Tendaguru kulikuwa na ujira. Shamba limeungua, mdai kodi yuko mlangoni: utakataa kwa lipi?

Saa 8, ofisini. Mwenzangu analalamika kuwa sanaa inakula vipindi, mtihani unauliza mwaka. Namwonyesha mizigo: mwaka upo, kwa makaa.

Saa 10. Mama mmoja kaja kufuata kanga yake mpya, mwanawe kaichukua bila kuomba.

“Mwalimu, imekuwa ngata ya kubebea nini?”

“Mifupa ya mjusi, mama. Ile iliyokwenda Ujerumani.”

Akakung'uta udongo. “Na sisi tulipata nini?”

Nikamkaribisha Jumatano. Darasa litabishana hilo hilo, nusu Berlin, nusu Lindi, na upande wa Berlin bado sijapata wa kukaa.