Madaftari Mawili ya Baba

Baba alifariki Jumatano kabla ya adhuhuri, tukamzika alasiri ileile. Usiku wa tatu, hitma ilipokwisha na mikeka ikakung'utwa, mama aliniita chumbani akanipa kaunta buku mbili zilizovikwa gazeti. "Hili la watu aliowakopesha, na hili la wanaomdai yeye. Alisema wewe ndiye utakayeyasoma, mwanangu." Mama alikuwa ameshaingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki. Kwa hiyo miguu ya kwenda kwa watu ilikuwa yangu.

Naandika jinsi nilivyoyamaliza madaftari hayo, kwa sababu ndani yake nilimjua baba yangu kuliko nilivyomjua tukiishi nyumba moja.

Baba alikuwa mtu wa hesabu. Alianza kazi akiwa karani wa shamba la mkonge, kisha akaingia Benki ya Taifa ya Biashara hapahapa Tanga, akakaa huko hadi ilipogawanywa mwaka 1997. Alitoka na kiinua mgongo chake, na wakati ule mji ulikuwa umejaa watu wenye viinua mgongo. Viwanda vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, na wanaume waliozoea mshahara wa mwisho wa mwezi walijikuta wameshika fedha ya miaka 20 ndani ya bahasha moja. Wakamjia. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na meza kwenye baraza ya nyumba yetu Ngamiani, kalamu nyekundu, kikokotoo cha kutumia jua na birika la kahawa. Mtu akija na wazo la kununua basi dogo kwa fedha yote, Baba alimuuliza tairi nne bei gani, dereva atalipwa nini, na gari likilala gereji wiki mbili, nyumbani mtakula nini. Hakumkataza. Alimpa kalamu aandike majibu mwenyewe, na wengi walinyamaza walipofika mstari wa tatu.

Wavuvi wa dagaa kutoka Sahare ndio waliompenda zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa haina kazi, vyombo vinapumzika, na nyumba nyingi zinaanza kukopa dukani. Baba aliwafundisha kutenga kila asubuhi ya giza kitu alichokiita "fungu la mbaamwezi", hata kama ni shilingi elfu mbili. Alitaka litengwe palepale ufukweni kabla mtu hajafika nyumbani, maana alisema fedha ikishavuka mlango ina wenyewe wengi. Na benki ya CRDB ilipouza hisa zake mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja, walimu walipanga foleni barazani kuuliza. Aliwaambia hisa si upatu, haina zamu ya kupokea. Fedha utakayoihitaji Ramadhani usiipeleke huko. Yeye mwenyewe alinunua chache. Waliokuwa wakiogopa riba hakubishana nao. Aliwatafutia njia nyingine, kiwanja au mbuzi, na Benki ya Amana, isiyo na riba, ilipoanza mwaka 2011 alifurahi kwa ajili yao kama mtu aliyeletewa zawadi.

Hakutoza ada. Aliyetaka kushukuru alileta samaki, au machungwa ya Muheza kwenye kikapu, na Ijumaa mama alipika bada ya kutosha watu ambao hatukuwajua majina. Watoto wanne wa shangazi walisoma kwa fedha yake. Watu walisema mzee yule ana mkono mwepesi. Niliamini hivyo hadi nilipofungua daftari, nikakuta mkono wake ulikuwa na mizani. Kila mwezi aliandika mafungu: chakula, ada, umeme na maji, kisha "watu", halafu ndipo mavazi yake. Fungu la watu lilikuja kabla ya kanzu yake. Sasa naelewa kwa nini kanzu ya Idi ilikuwa ileile miaka sita.

Kikao cha ukoo kilinichagua niwe msimamizi wa mirathi. Kaka yangu yuko Dar es Salaam kazini, na baba mdogo alisema waziwazi kwamba aliyekabidhiwa madaftari ndiye aliyeusiwa. Tulipeleka muhtasari wa kikao na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, nikateuliwa. Wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Ndipo inapoanza, kwa sababu ndani ya miezi minne unatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni yote, na anachodai marehemu kwa watu nacho ni mali. Nisingeweza kulifunga lile daftari la kwanza nikaliweka sandukuni.

Madeni aliyodaiwa yeye yalikuwa mawili tu, la fundi bati na la duka la dawa. Niliyalipa wiki ya kwanza, maana maiti hulipiwa deni kwanza, ndipo wasia, ndipo warithi.

Daftari la waliokopa lilikuwa na majina 31. Safu zake zilikuwa tarehe, jina, kiasi, na ya mwisho aliiita "neno". Hapo aliandika sababu. "Mwanawe anaingia kidato cha kwanza." "Nyavu zimekatika." "Hakusema, sikuuliza." Niliisoma ile safu usiku mzima, taa ikiwa karibu na uso, nikisikia sauti yake.

Nilianza na mama mmoja muuza bagia wa mtaa wa tatu kutoka kwetu, aliyeandikwa 150,000. Nilimkuta anageuza bagia kwenye karai. Nilimwamkia, nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza, nikamwonyesha jina lake. Hakubisha. Alishusha karai motoni, akaingia ndani, akatoka na leso iliyofungwa fundo. Akalifungua, akanihesabia 35,000 kwa sarafu za mia tano na noti za elfu. "Nyingine nipe muda, mwanangu."

Kesho yake alfajiri binti yake akaja kwetu. Mama yake hakulala. Baba alikuwa amemsamehe deni lile miaka mingi nyuma, mbele ya huyo binti, siku ya matanga ya mumewe, ila mama aliona haya kunibishia mimi mwenye msiba. Binti akaniomba daftari, akanionyesha pambizoni kijitiki cha penseli, chembamba hata kidole kingeweza kukifuta. "Alikiweka tukimwona."

Nilikuwa nimekiona kile kijitiki. Nilidhani ni alama ya kuhesabia tu. Nilirudisha zile 35,000 asubuhi ileile, nikapiga magoti palepale kwenye moshi wa mafuta kuomba radhi. Alinishika kichwa, akanifungia bagia kwenye gazeti nimpelekee mama edani. Nililia njia nzima. Baba alisamehe kwa siri, na mimi nilitaka kulidai lile alilolisamehe.

Tokea hapo sikugusa mtu kabla ya kutazama pambizo. Majina 17 yalikuwa na penseli, na warithi sote tukakubaliana kwamba hayo yameisha. Majina 14 hayakuwa nayo, jumla shilingi 3,840,000. Kaka akasema kwenye simu, "Yafute yote. Baba angeyafuta." Hata mimi nilitaka hivyo. Nikaenda kumuuliza shehe aliyemsalia, naye akanijibu jambo ambalo sikulifikiria: marehemu hasamehi tena, wanaosamehe sasa ni warithi, kila mmoja fungu lake. Na mtoto mdogo hana uwezo wa kusamehe lake, wala mlezi hamsamehei.

Mdogo wetu wa kiume ana miaka 13.

Nilikaa kwenye meza ya Baba na kikokotoo chake. Mama thumuni, yaani moja ya nane, 480,000. Zinabaki 3,360,000 kwa wanaume wawili, kaka na mdogo wetu, na wanawake wawili, dada yangu na mimi, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Yatima wetu alikuwa na 1,120,000 ndani ya umasikini wa watu wale 14. Kuwasamehe wote kwa jumla kungependeza msikitini, na kungekuwa kumdhulumu mtoto wa mtu tuliyekuwa tukimsifu.

Tulichofanya ni hiki. Mama, kaka, dada yangu na mimi tulisamehe mafungu yetu kwa maandishi, tukatia saini. Fungu la mdogo wetu tuliligawana sisi watatu wakubwa tumlipie kutoka kwenye urithi wetu wenyewe, nikaligeuza kuwa akiba kwa jina lake. Haikuwa rahisi. Dada alikuwa anajenga, na alikaa kimya siku mbili kabla ya kusema ndiyo, na namheshimu kwa zile siku mbili kuliko angesema ndiyo papo hapo.

Kisha nikawazungukia wale 14, Pongwe, Chumbageni, hadi Tongoni, kuwaambia hawana deni tena. Wengi waliomba dua. Mmoja alinisimulia jinsi Baba alivyomfuata kwa baiskeli mvuani siku ambayo alikuwa hana nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, akampa, akageuza baiskeli bila kushuka. Nilimwomba anisimulie mara mbili.

Nahodha mmoja wa Sahare alikataa msamaha. Alikuwa na 200,000, neno lake "mashine ya boti". Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bibie, mimi na mzee tuliandikiana. Akaniambia nitalipa kwa giza. Nitalipa kwa giza." Nikamwambia fedha yake itaingia kwenye akiba ya mtoto. Akasema hapo ndipo penyewe.

Analeta 20,000 kila giza. Mdogo wangu ndiye anayempokea barazani na kuandika, kwa kalamu ileile nyekundu. Amebakiza 60,000.