Chumvi Niliyoijua kwa Gramu

Mwenzangu wa wodini ndiye aliyenilipia ile saa moja ya kuelea kwenye maji ya chumvi, nipumzike. Alinikuta nalia kwenye chumba cha dawa, hakuuliza kitu, akaniandikia anwani kwenye kikaratasi. Ilikuwa Februari 2022, London, nami nimetoka kumaliza zamu nne za usiku mfululizo leba, wakunga wanne tukibeba kazi ya saba.

Binti wa mapokezi alinionyesha tangi lenye kifuniko. Maji hayafiki magotini, akasema, ila yameyeyushiwa kilo 500 hivi za chumvi ya Epsom, na joto lake ni nyuzi 35 na nusu, karibu sawa na la ngozi. Kisha akaitazama mikono yangu, iliyopasukapasuka kwa kunawa na spiriti. Akanipa mafuta ya mgando nipake, chumvi isije ikanichoma.

Mifuko ya chumvi ilikuwa imepangwa ukutani. Nikasoma: magnesiamu salfeti. Nikashtuka. Hiyo ni dawa ya kifafa cha mimba! Nilifundishwa kuichoma nikiwa Tanga: gramu 4 mshipani, polepole, kisha 5 kila tako. Kabla ya dozi nyingine ugonge goti uone kama linaruka, uhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, uangalie na mkojo. Miaka yote naipima kwa gramu, kwa hofu, kwa ajili ya mwingine. Siku ile nusu tani yake ilikuwa yangu mimi.

Nikajilaza majini nikaelea, taa zikazimwa. Mikono iliwasha hata hivyo. Mwanzoni shingo ilikataa kulegea, nikaikaza kana kwamba maji yataniangusha. Masikio yakiwa majini niliusikia moyo wangu, nikaanza kuuhesabu kwa mazoea, kama ninavyousikiliza wa mtoto tumboni. Nikawakumbuka kina mama wa wakati wa korona, waliobaki na uchungu bila mtu wa kwao pembeni, mkono wao ndani ya glavu yangu. Hapo shingo ikaachia. Machozi yakateremkia masikioni.

Sisemi kwamba maji yale yanaongeza mkunga hata mmoja kwenye zamu. Zamu zetu zilitaka watu, na bado zinawataka. Lakini kwa saa nzima hakuna aliyeniita, wala kengele haikulia.

Nilipohesabu pumzi zangu, zilikuwa 11.

Jumatatu usiku, kitanda cha 3, alilala mama mwenye dripu ya magnesiamu. Nilivuta kiti nikakaa, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi. Nikagonga goti lake, likaruka. Pumzi 18.