Mama Zawadi amehamia Kitengela

Jumapili, saa nne usiku.

Leo asubuhi jirani yangu Mama Zawadi amehama kutoka hapa South B, Nairobi, kwenda Kitengela, nje ya jiji. Kanta ilifika kabla ya saa moja, ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na kufikia saa tatu vitu vyote vya nyumba vilikuwa vimefungwa kamba: kochi, vitanda, kabati la vyombo, mtungi wa gesi. Kilichobaki mwisho kabisa ni mndimu aliokuwa ameupanda kwenye debe la rangi. Huo hakukubali upandishwe nyuma. Aliuweka mbele, kati yake na dereva, akaushika shina kwa mkono mmoja kama mtu anayemshika mtoto ndani ya matatu.

"Jirani, usilie," akaniambia. "Kitengela si Marekani."

Mbele yake sikulia.

Tumeishi mlango kwa mlango hapa South B tangu 2014, mwaka niliotoka Voi na begi moja na barua ya kazi. Mwanangu alijifunza kutembea akishikilia lile kochi lake. Ndiyo maana wiki nzima nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kilichomng'oa. Juzi nilimwuliza waziwazi kama ni kodi ya nyumba au ni makato ya mshahara. Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Mimi sijui kuvitenganisha. Pesa ikishatoka imetoka."

Jibu hilo limekataa kuniondoka. Huku Nairobi tumezoea kusema ushuru kwa ile ya serikali na kodi kwa ile ya mwenye nyumba. Mama yangu kule nyumbani huziita zote mbili kodi, na ukitaka kumwelewa lazima umwulize, ya nani? Zamani nilidhani ni mazoea tu ya watu wazima. Sasa naona wanaoishi kwa mshahara mmoja wanaihisi hivyohivyo: mkono mmoja unaotoa, na mwisho wa mwezi unaofika kabla ya wakati wake.

Baada ya chakula nilitoa faili ninamoweka pesilipu zangu, zile karatasi za mshahara za kila mwezi, nikaweka ya 2022 na ya mwaka jana mezani, kando kwa kando. Mshahara kabla ya makato ni uleule, 60,000. Mwaka 2022 NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, walikuwa wakichukua 200 na bima ya afya 1,300. Mwaka jana NSSF ni 3,600, bima mpya ya afya, ile ya asilimia 2.75, ni 1,650, na tozo ya nyumba, ile ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu, ya asilimia 1.5, ni 900. Yaani 1,500 imekuwa 6,150. Kusema kweli, kodi ya mapato yenyewe ilishuka kidogo, kwa sababu makato hayo sasa hutolewa kwanza ndipo mtu akapigiwa hesabu. Hata hivyo, kinachonifikia mkononi kimepungua kwa 3,000 na kidogo kila mwezi. Najua NSSF ni akiba yangu ya uzeeni na sitaki kuiita wizi. Lakini mwanangu hali chakula cha uzeeni.

Elfu tatu peke yake haimhamishi mtu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu kazini, ambao kila anayehama wanasema amefukuzwa na ushuru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika kaunti ya Kajiado, ambako Kitengela na Rongai ziko. Ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Nairobi nayo iliongezeka katika miaka hiyohiyo, lakini si kwa kasi ya Kajiado. Na hayo yalitokea kabla ya tozo ya nyumba, kabla ya VAT ya mafuta, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei, kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Wengi walifuata ploti ya futi hamsini kwa mia na nyumba yenye chumba cha ziada. Siwezi kuulaumu ushuru wa 2023 kwa mtu aliyehama 2015.

Ninachoweza kusema ni kwamba ushuru uliziba nafasi ya kupumua. Mama Zawadi alikuwa amevumilia kodi ya 25,000 kwa miaka, akiikamua huku na kule. Mafuta yalipopanda, na Oktoba 2023 lita ya petroli hapa Nairobi ilipita shilingi 217, nauli ilipanda, kitunguu kikapanda, gari la shule likapanda. Sitaki kusema yote ni VAT. Shilingi nayo ilikuwa ikiporomoka na bei ya mafuta duniani haikuwa nzuri. Lakini anayesimama dukani hawezi kuipasua bei ya unga vipande aone serikali imekula kipi. Halafu bei ya mafuta ilipokuja kushuka, nauli hazikurudi zilikotoka. Mwaka huu mwenye nyumba akaongeza elfu mbili, naye Mama Zawadi hakuwa tena na mahali pa kukamua.

Lililo zito kwangu ni kwamba kule aendako, makato ni yaleyale. Pesilipu yake haijui kama analala South B au Kitengela. Amekimbia kodi moja tu kati ya mbili. Nyumba ya vyumba viwili atalipa 15,000, hivyo amepata 12,000. Sasa toa nauli, 150 asubuhi na 150 jioni, siku ishirini na mbili, mia mbili mvua ikinyesha. Toa maji ya boza, kwa kuwa ya kisima pale alipopanga yana chumvi na hayapiki chai. Elfu tatu hivi ndiyo itakayobaki. Kisha toa usingizi: atakuwa stendi saa kumi na moja alfajiri ili awe kazini saa mbili, na Zawadi, ambaye ana miaka tisa, ataamshwa na saa ya simu badala ya mama yake.

Mimi sikatai kulipa. Baba yangu alisoma kwa shule iliyojengwa na pesa za umma na hakuchoka kutuambia hivyo. Kinachonitesa ni kulipa mara mbili. Nalipa bima ya afya, kisha mtoto akiumwa usiku natoa pesa mkononi. Nalipa ushuru, kisha nanunua maji ya mtungi kwa kijana wa mkokoteni. Kama maji yangetoka kwenye bomba na daktari angepatikana, nadhani ile 6,150 nisingeitolea pesilipu kwenye faili Jumapili usiku. Hilo ndilo nililolisikia Juni 2024 katika sauti za vijana waliojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza ushuru. Tarehe 25 wengine walipigwa risasi nje ya Bunge, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Sijawahi kuwasahau. Walikuwa wakiuliza swali ninalouliza mimi hapa mezani, ila wao walitoka kuliuliza mchana, mbele ya bunduki.

Na kuna wasiohama kabisa. Mama mboga wa hapa kwenye kona hana pesilipu, lakini kila gunia la viazi linalomfikia limekunywa mafuta njiani. Nilimwuliza kama naye anafikiria kuondoka. "Niwaache wateja na nani?" akasema. Wanaomkopa wanamjua yeye, naye anawajua wao. Huo ndio mtaji wake wote, na hauwezi kupakiwa kwenye kanta. Shemeji yangu yeye yuko Qatar tangu 2021, lakini hakuna kodi iliyompeleka. Hakuwa na mshahara wa kukatwa.

Mama amenipigia saa mbili usiku. Amesikia Mama Zawadi ameondoka. "Na wewe mwanangu, si urudi tu nyumbani?" Nikamwambia Voi hakuna ofisi itakayonilipa ninacholipwa hapa, na makato yangenifuata. Akanyamaza kidogo. "Basi angalau ungekula vya shambani." Sikuwa na jibu. Nimemwahidi tutazungumza Pasaka.

Nyumba ya Mama Zawadi haikulala tupu. Saa kumi na mbili jioni keateka, msimamizi wa nyumba hizi, alimleta kijana, hazidi miaka ishirini na mitano, na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa mshipi. Kodi yake itaanzia pale ilipomshinda mwenzangu, 27,000. Amesema watagawana na rafiki yake. Nilipokuwa nikianua nguo akaja kunisalimia kwa adabu, akauliza maji hutoka siku gani.

Nikamwambia Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane, na akanunue mitungi kesho. Kwenye kibaraza, pale debe la rangi lilipokuwa, pamebaki duara jeupe sakafuni. Ameweka viatu vyake hapo.