Makaa ya Shangazi

Usiku umeme ulipokatika, friza yangu ilikuwa imejaa vibua na mapande ya nguru. Ilikuwa Alkhamisi, tarehe 10 Disemba 2009. Nililala bila wasiwasi. Kuanzia Mei ya mwaka 2008 Unguja ilishakaa kizani karibu mwezi mzima, nikajiambia balaa kama lile haliwezi kurudi upesi. Umeme wetu ulikuwa unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni huko bara mpaka Fumba huku Unguja, na njia hiyo ikiharibika, kisiwa kizima kiza. Safari hii tulikaa kizani mpaka Machi 2010.

Friza ile ndiyo iliyokuwa ikinipa pesa ya mkononi. Nikiuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa mtaani kwetu Mpendae, na chini yake naweka kitoweo cha wiki. Kwa hiyo siku moja nilipoteza biashara, na nikawa karibu kupoteza samaki.

Bahati njema shangazi yangu alikuwa kwangu. Alikuja mjini kutibiwa macho, kutoka Micheweni, Pemba, ambako ardhi ni ya mawe na maji yalikuwa ya kuchota mbali. Nyumbani kwake umeme ulikuwa haujapata kuingia. Ijumaa asubuhi alinisikia nikifungua friza mara ya nne au ya tano.

"Mwanangu, kila ukifungua unaitoa baridi. Ifunge, ifunike blangeti, uiwache. Halafu kanunue chumvi."

Jumamosi tulipoifungua, samaki wa chini walikuwa bado wagumu. Tukawapasua mgongoni, tukatoa matumbo, tukawasugua chumvi, wakalala usiku mmoja. Kesho yake tukawaanika uani juu ya nyuteo, kipande cha chandarua juu yao kuzuia nzi. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma, jua kali. Jirani alichungulia akacheka, akauliza kama tumehamia dago, kambi ya wavuvi. Mimi nikaona haya, nikataka kuwahamishia nyuma ya choo. Shangazi akanishika mkono.

"Unaona haya ya samaki kuanikwa, huoni haya ya samaki kutupwa?"

Ng'onda wale tuliwala mpaka mwisho wa Januari. Hata hivyo, kilichonibadilisha mimi hasa ni mkaa.

Wiki mbili za mwanzo shangazi hakugusa jiko, macho yake yalikuwa yametiwa dawa. Akikaa kwenye kibao akinisikiliza tu. Polo la kwanza la mkaa, yaani gunia, lilikwisha kwa siku 12, na bei ilikuwa ikipanda kila nikienda kununua, kwa sababu mji mzima ulikuwa unapikia mkaa. Nilikuwa nawasha seredani, jiko la mkaa, asubuhi kwa chai, nawacha moto ufe. Nawasha mchana, nawacha ufe. Jioni tena. Siku niliyomwambia pesa ya polo la pili imekula pesa ya mchele, aliomba nimsogezee seredani.

"Moto umeununua mzima. Mbona unautumia kichwa tu?"

Aliwashia vifuu vya nazi nilivyokuwa nikivitupa jaani. Makaa yalipokolea, akapandisha maharage yaliyorowekwa tangu usiku, maana moto mkali ni wa kitu kigumu. Yalipolainika nusu akayateremsha yangali yanatokota, akayafunika na kuviringisha sufuria kwa khanga mbili kuukuu, yakajimalizia wenyewe pembeni. Kisha wali. Nazi aliikamua mara tatu: tui zito akaliweka, la pili na la tatu likapikia, chicha wakapewa kuku. Wali ulipokauka, makaa karibu yote akayapandisha juu ya mfuniko, akapalia, chini akawacha mawili matatu. Nilidhani hapo tumemaliza. Makaa yale yale ya kwenye mfuniko akayatia ndani ya pasi ya mkaa, nikanyoosha kanzu ya mume wangu. Yaliyobaki yakachemsha maji ya kuwakogesha watoto.

Bado hakuyawacha. Aliyachota kwa koleo akayatia kwenye kopo la bati la maziwa ya unga, akalifunga mfuniko, akaliweka nje kabisa, mbali na mlango, kwa kuwa hewa ya makaa inaua. Asubuhi nilifungua nikakuta makaa meusi, mepesi, yameshazimika. Yalishika moto upesi kuliko mkaa mpya.

Polo la pili lilitufikisha siku 31. Niliandika kwenye daftari langu la barafu, ukurasa ambao haukuwa na mauzo. Hatukula pungufu, siku zile tulikula vizuri kuliko nilivyozoea, kwa kuwa pesa ya mkaa ilirudi kwenye nazi na mboga. Mimi nilikua nikiamini kubana matumizi ni kujinyima, ni kazi ya asiyekuwa nacho. Shangazi sikuwahi kumuona akimnyima mtu chakula. Alikuwa anajua tu kitu kinaelekea wapi kikishamaliza kazi ya kwanza. Hata maji, wakati madumu yalikuwa ya kununua: yaliyooshea mchele yaliosha vyombo vya mafuta, kisha yakamwagiwa mpapai.

Alirudi Pemba Februari kwa boti. Kopo aliniwachia.

Usiku umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga kelele, watoto wakakimbia nje bila viatu. Mimi nilikuwa uani nimeinama na koleo, makaa nusu yako kwenye kopo, nusu bado kwenye seredani. Nikamaliza kuyatia, nikabana mfuniko, ndipo nikaingia ndani kuangalia taa.